Kijiji Kando ya Maji: Matyora ya Rasputin na Babati Isiyoandikwa

Katika mijadala yetu ya riwaya hapa idarani neno "kijiji" hutajwa karibu kila wiki. Tunasema mandhari ni ya kijijini, mhusika mkuu katoka kijijini, mgongano ni kati ya kijiji na mji. Tukishasema hivyo tunakimbilia dhamira, kana kwamba kijiji ni kitu kinachojulikana na hakina haja ya kuulizwa lolote. Makala haya yanataka kukiuliza. Nitaanzia mbali, kwenye kijiji kimoja cha Urusi kilichokuwa katikati ya mto, kisha nirudi kwa Kezilahabi, na kutoka hapo niingie Babati, mji niliozaliwa, ambao una ziwa, una mafuriko, una historia ndefu, na kwa kadiri ninavyofahamu hauna riwaya.

Najua kuna atakayeuliza: Urusi ya nini tena? Kizazi cha walimu wetu kilimsoma Gorky, na kilimsoma kwa ajili ya tabaka la wafanyakazi. Valentin Rasputin (1937–2015) ni mlango mwingine kabisa. Yeye ni wa kundi ambalo wahakiki wa Kirusi waliliita waandishi wa kijiji, pamoja na akina Belov, Abramov na Astafyev, watu walioandika katika miaka ya 1960 na 1970 kuhusu mashambani wakati serikali yao ikisifu viwanda na mabwawa ya umeme. Alizaliwa Siberia, kando ya mto Angara. Kijiji alichokulia, Atalanka, kilibidi kihamishwe maji ya bwawa la Bratsk yalipopanda. Kwa hiyo alipokaa chini kuandika riwaya ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kwaheri Matyora (1976), hakuwa anabuni maumivu. Mimi nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na hilo msomaji alikumbuke pale nitakapozungumzia lugha.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Matyora ni kisiwa katikati ya Angara, na kijiji kilichomo kina jina hilohilo. Watu wamekaa hapo zaidi ya miaka 300. Bwawa linajengwa, maji yatapanda, kisiwa kitazama. Kabla ya maji kuja ni lazima kisiwa kisafishwe: nyumba zichomwe, miti ikatwe, makaburi yaondolewe. Tunakaa na wazee, hasa bibi mmoja aitwaye Darya, katika kiangazi cha mwisho. Basi, ni hicho tu. Hakuna mapenzi ya vijana wawili, hakuna mauaji, hakuna siri inayofichuka ukurasa wa mwisho.

Lakini soma uone kijiji kinavyofanya kazi humo ndani. Mapema kabisa wafanyakazi wa usafi wanaingia makaburini na kuanza kung'oa misalaba na uzio. Vikongwe wanawakimbilia na kuwafukuza kwa kelele. Mwandishi hatupi hotuba juu ya mila. Anatupa wazee wanaokusanya vipande vya misalaba na kuvirudisha penye makaburi, wakijua kwamba baada ya miezi michache yote yatakuwa chini ya maji. Darya anamwomba mwanawe, Pavel, wahamishe mifupa ya wazazi. Pavel anakubali kwa mdomo, kazi zinambana, siku zinapita, mifupa inabaki. Hapo mimi niliweka kitabu chini kidogo. Pavel si mtu mbaya! Ni mtoto wa kawaida mwenye kazi ya mshahara, na ubaya wote wa jambo lile unapita katikati ya vidole vyake bila yeye kutenda ubaya wowote.

Halafu kuna mti. Ni mti mkubwa wa jamii ya misonobari ambao wenyeji wanaamini kuwa ndio unaoshikilia kisiwa chini ya mto. Shoka linashindwa, msumeno wa mashine unashindwa, moto nao unashindwa. Wachomaji wanaondoka, mti unabaki umesimama. Kuna pia mnyama mdogo, asiyefanana na mnyama yeyote, Mwenye Kisiwa, anayezunguka usiku na kujua kila kitakachotokea. Mhakiki aliyefundishwa uhalisia wa kijamaa atakuna kichwa hapa. Lakini ukiviondoa hivi viwili riwaya inabaki taarifa ya afisa uhamishaji. Na siku ya mwisho, akijua kibanda chake kinachomwa kesho, Darya anakipaka chokaa. Anakisafisha, anakipamba kama mtu anavyoandaa maiti. Mwandishi hatuambii "hii ni ishara ya kadha wa kadha". Sisi wanafunzi ndio tunaoambiana hivyo kwenye semina.

Riwaya ina udhaifu, tusiifanye msahafu. Vijana wake ni wembamba. Andrei, mjukuu wa Darya, anataka kwenda kufanya kazi kwenye bwawa lilelile litakalozamisha kwao, na mazungumzo yake na bibi yake yangeweza kuwa moyo wa kitabu; lakini hoja za bibi zina damu na za mjukuu zina harufu ya gazeti. Petrukha, anayeichoma nyumba ya mama yake mwenyewe kwa sababu ya pesa ya fidia, ni kikaragosi. Rasputin amempa kijiji upendo wote, mji kaupa makombo. Ukweli ni kwamba umeme wa bwawa lile uliwasha taa za watu, na watu hao nao walikuwa na bibi zao.

Sasa turudi kwetu. Gamba la Nyoka ilitoka mwaka 1979, miaka mitatu tu baada ya Matyora, na inagusa jeraha la aina hiyohiyo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kabla ya mwaka 1976 kwisha. Ikafuata Operesheni Vijiji. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa, na sehemu nyingi za nchi nyumba ziliezuliwa au kuchomwa ili watu wasirudi. Kezilahabi alithubutu kuandika juu ya wanakijiji wanaogoma kuhama na nguvu inayotumika kuwahamisha, akaweka na wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, wanaorudi kwao na elimu yao na kutakiwa kuufanya ujamaa uwe kitu cha kushikika. Kuandika hivyo mwaka 1979, chini ya chama kimoja, si mchezo. Heshima yake ibaki palepale.

Hata hivyo nadhani Kezilahabi alikuwa na haraka. Yeye ni mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mtu wa ziwani. Alijua maji yanavyonuka asubuhi. Lakini katika Gamba la Nyoka kijiji kinakuwa ukumbi wa mdahalo. Watu wanaingia, wanasema msimamo wao juu ya siasa ya nchi, wanatoka. Kejeli ni kali na mara nyingi inachekesha kweli, ila unapomaliza kusoma unajua watu wale walifikiri nini kuhusu kuhamishwa kuliko unavyojua walihamishwa kutoka kwenye nini. Kilichoachwa nyuma hakikupata kuwa na uzito wa kutosha ili kupotea kwake kuume. Jina lenyewe la kitabu linatusukuma huko: nyoka anavua gamba, nyoka ni yuleyule. Ni wazo zuri sana juu ya mfumo. Juu ya kijiji halisemi mengi.

Mtu atanijibu kwamba tunaye Kitereza, na atakuwa na haki. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980 baada ya mzee mwenyewe kuitafsiri, ni kitabu ambacho kijiji hakiharakishwi hata kidogo. Mtu akienda ukweni tunakwenda naye hatua kwa hatua, pombe inapikwa mpaka iive. Wengi wetu tunalalamika kuwa ni kirefu. Mimi sasa naona urefu ule ndio hoja yake. Ila Kitereza aliandika ili mambo ya kale yasisahaulike, na kijiji chake hakijafikiwa na mtu mwenye kalamu na orodha ya kaya za kuhamishwa. Kati ya Kitereza anayekumbuka na Kezilahabi anayebishana pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo Rasputin aliyoikalia huko kwao.

Babati ingekuwa nyenzo nzuri ya kuijaza. Kwa wasioijua: ni mji ulio chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa dogo lisilo na kina kirefu, lenye viboko, perege na kambale. Wenyeji wa kale wa eneo hili ni Wagorowa, na Wairaqw wakashuka toka nyanda za Mbulu. Wambugwe wako upande wa bonde la Manyara, Warangi wanapanda toka Kondoa, Wabarabaig na ng'ombe zao upande wa Hanang. Wakoloni wa Kiingereza walipopitisha Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyoota ndoto ya kutoka Cape hadi Cairo, waliipitisha hapa, na kijiji cha kando ya ziwa kikaanza kuwa kituo cha malori. Maduka ya Waasia yakaja, baadaye Wachagga na biashara zao. Kiutawala tulikuwa Mbulu, halafu Hanang, hadi wilaya ya Babati ilipokatwa mwaka 1985. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukamegwa kutoka Arusha na sisi tukawa makao makuu. Ukitaka kucheka kidogo, mtu mzee wa Babati kahama wilaya mara kadhaa bila kuondoka kwenye kigoda chake.

Na maji yetu nayo yanakuja. Ziwa lilifurika mwaka 1964, likafurika 1979, likafurika tena 1990 na kuingia mjini. Hakukuwa na bwawa wala mhandisi wa kumlaumu. Mwaka 1995 mtaalamu mmoja kutoka Sweden aliandika makala akiuliza kama mafuriko haya yalitokana na kubadilika kwa uoto katika miinuko inayolizunguka ziwa, yaani kwa lugha ya nyumbani, je, ni sisi tuliokata miti tukajiletea maji? Swali hilo lina riwaya nzima ndani yake. Kwa Darya adui anatoka nje na ana karatasi ya serikali. Kwetu huenda adui ni kuni za jana.

Tazama basi nani ameiandika nchi hii. Waswidi waliandika sana wakati wa miradi yao ya hifadhi ya ardhi. Tasnifu ya Vesa-Matti Loiske ya mwaka 1995, juu ya kijiji cha Giting, Hanang, ina jina ambalo mwandishi yeyote wa riwaya angelionea wivu: Kijiji Kilichotoweka. Ni tasnifu ya jiografia inayochunguza mizizi ya mmomonyoko wa udongo! Mwanahistoria wetu Yusufu Lawi alichapisha mwaka 2007 uchunguzi juu ya Operesheni Vijiji katika nchi ya Wairaqw upande wa mashariki, akieleza kuwa kampeni ile iligeuza sura ya nchi, lakini haikung'oa kirahisi namna watu walivyoielewa ardhi yao. Yote haya ni Kiingereza, yako maktaba, na bibi yangu hajui kama yapo. Kwa Kiswahili tunacho kitabu cha W. D. Kamera, Hadithi za Wairaqw wa Tanzania (1978), ambacho ni hazina, lakini ni hazina ya hadithi za kale, si ya watu waliopanda trekta la operesheni na masufuria yao.

Sehemu ninayoiona chungu kuliko zote ipo Hanang, kwenye nyanda za Basotu. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilichukua eneo kubwa la malisho ya Wabarabaig kwa ajili ya mashamba ya ngano. Wabarabaig humzika mzee anayeheshimiwa kwa sherehe inayochukua miezi, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu kiitwacho bung'eda. Kaburi hilo ni alama ya ukoo juu ya ardhi. Vizazi hurudi pale kuomba. Matrekta yalipolima, makaburi hayo nayo yalilimwa, na malalamiko ya Wabarabaig yalifika hadi mahakamani. Weka tukio hili kando ya vikongwe wa Matyora wanaookota misalaba. Kule kulikuwa na umeme wa taifa, huku kulikuwa na mkate wa taifa. Ni kisa kilekile, na kule kimekuwa riwaya inayosomwa duniani, huku kimekuwa jalada la kesi.

Je, namaanisha tumwige Rasputin? Hapana, na hapa ndipo natofautiana na rafiki zangu wawili watatu tuliobishana nao mwezi mzima. Wao wanasema tunahitaji maombolezo yetu. Mimi nasema maombolezo ya Matyora yanawezekana kwa sababu Matyora ni kisiwa: watu wa lugha moja, imani moja, makaburi mamoja, miaka 300 bila kuvunjika. Kikizama kimezama chote, na ukungu unaofunga kitabu kile unastahili. Babati haikuwahi kuwa kisiwa. Ni njia panda. Kila aliyeko pale ana hadithi ya jinsi alivyofika, na mara nyingi kufika kwake kulimsogeza mwingine. Mkulima wa Kiiraqw aliyehamishwa mwaka 1974 akalia, huenda alilia katika ardhi ambayo Mbarabaig alikuwa akichungia. Ukiandika kwaheri moja tu, utakuwa umechagua nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. Riwaya ya Babati ingelazimika kuwa na kwaheri na hodi katika sentensi moja, na hapo umbo la Rasputin linaishiwa pumzi.

Tena watu wa kwetu walirudi. Operesheni ilipolegea, wengi walirejea kidogokidogo kwenye mashamba yao ya zamani; wengine walibaki vijijini na kulima kule kwa miguu. Mandhari ya namna hiyo, ya kijiji ambacho hakikufa wala hakikupona, haina msiba wa kutosha kwa mwombolezaji wala ushindi wa kutosha kwa mwanasiasa. Labda ndiyo maana imekaa bila mwandishi. Na bado haijaisha: tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka toka mlima Hanang likafunika sehemu za Katesh na kijiji cha Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafa, na walionusurika wakajengewa nyumba mpya eneo la Waret. Kuhamishwa tena, safari hii kwa huruma. Nyumba mpya zilipigwa picha sana. Mtu aliyelala ndani yake usiku wa kwanza aliwaza nini, hilo ni la fasihi.

Linabaki suala la lugha, ambalo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Bibi wa Rasputin wanasema Kirusi cha Angara, lahaja nzito. Hata katika tafsiri unahisi kuna kitu mtafsiri ameshindwa kukibeba. Lakini bado ni Kirusi. Bibi wa Babati haombolezi kwa Kiswahili. Eneo la Babati, Mbulu, Hanang na Kondoa linajulikana kwa wanaisimu duniani kote kama mahali ambapo lugha za Kikushi, Kinailoti na Kibantu zinakaa mlango kwa mlango, na Kisandawe na Kihadza haziko mbali. Kiswahili pale ni lugha ya mnada, ya shule, ya mahakama. Ni lugha ambayo amri ya kuhama ilitangazwa. Sasa mwandishi akiandika kwa Kiswahili maneno ambayo mwanamke wa Kigorowa aliyasema jikoni mwake mwaka 1974, anatafsiri, apende asipende, na anatafsiri kwenda kwenye lugha ya yule mgambo aliyekuwa amesimama mlangoni. Kitereza alilijua tatizo hili na akalitatua kwa kutafsiri kazi yake mwenyewe pole pole, akiacha Kikerewe kiinamishe Kiswahili. Wairaqw wanazo sala ndefu za kishairi, slufay, ambazo mzee hutamka na hadhira huitikia. Wanao pepo wa maji, netlaang, wanaokaa kwenye chemchemi na mito. Ukimwita netlaang "jini" umeshamhamishia Pwani. Ukimwita "shetani" umeshampeleka kanisani. Ningemwacha na jina lake, bila tanbihi, msomaji wa Tanga ahangaike kidogo kama sisi tulivyohangaika na mashua na tanga zake kwenye mashairi ya mitihani.

Walimu wetu wanatuuliza tuoneshe fani inavyobeba maudhui. Nitatoa mfano mmoja mdogo. Darya anapaka kibanda chake chokaa kwa sababu kibanda cha Kirusi ni cha magogo na kina kuta za kupakwa. Mwandishi wa kwetu akimpa mhusika wake chokaa atakuwa ameiba. Nyumba ya zamani ya Kiiraqw ilichimbwa ubavuni mwa mlima, nusu ndani ya ardhi, paa la udongo likiwa juu ya miti, hivyo kwamba adui wa mbali asiione. Nyumba kama hiyo huwezi kuipamba siku ya kuondoka. Unachoweza ni kupanda juu, kuondoa udongo wa paa, na kung'oa miti mmoja mmoja uibebe hadi huko ulikopangiwa, maana miti ni adimu. Mwanamke aliye ndani ataona mwanga ukiingia jikoni mwake kutoka juu, mahali ambapo haujawahi kuingia tangu aolewe. Na baada ya miti kuondoka, shimo linabaki pale ubavuni mwa mlima, na mvua za masika zinaanza kulijaza.